Anayemimina Maji ya Moto

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, masika yamejaza mifereji yote toka Kyela mpaka ziwani, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita mwenye nyumba ya bati. Nimelitaja bati mapema kwa sababu ndilo lililonipa kiburi.

Lakini ngoja nianze na jana, maana jana ndiyo iliyonileta hapa. Uliniandalia chai katika sebule yako mpya. Ukanionyesha vigae, ukanionyesha zile spika zinazomzidi kimo mtoto wa darasa la kwanza, nikafurahi, tena nikafurahi kwelikweli, kwa kuwa marehemu kaka yangu, baba yako, angekuwepo angeshinda amekaa mlangoni ili wapita njia wamwone. Kisha ukasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba vijana wa kidato cha nne hapo mtaani wamekuomba sebule hiyo kwa sherehe ya kumaliza shule, na kwamba wewe Jumamosi hiyo utakuwa Mbeya, utawaachia ufunguo. Nikakuuliza, na vinywaji? Ukacheka. Ukasema, "Baba mdogo, watoto wa siku hizi huwezi kuwachunga. Wakinywa, mimi sitakuwepo." Nikaweka kikombe chini nikaaga. Ulidhani safari imenichosha. Haikunichosha safari. Niliyasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwako.

Miaka ile tuliiita miaka ya ruksa. Nyinyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, kwa hiyo hamwezi kujua. Sisi tulitoka katika kupanga foleni ya sabuni, mara tukaambiwa mwenye mtaji afanye biashara, na Kasumulu pale mpakani pakachangamka kama mahali penye harusi isiyokwisha. Mimi nilinunua vyungu kwa akina mama wa kando ya ziwa, nikavipeleka sokoni Kyela, na nikitoka hapo nashuka Kasumulu kuchukua vitenge na betri za redio, narudi navyo kijijini. Neno lenyewe, ruksa, tulilitia katika kila sentensi kama chumvi. Mtoto akitaka kwenda kuogelea, "Mama, ruksa?" Mzee akitaka kuongezewa ndizi, "Ruksa?" Hata mchungaji wetu lilimponyoka siku moja madhabahuni, wazee wakaguna.

Basi nikajenga. Sakafu niliitia saruji, nikaipaka rangi nyekundu, na kila Jumamosi naisugua kwa nta mpaka mtu anajiona uso. Wageni walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na wengine waliteleza, tukacheka. Nikanunua redio kaseti kubwa ya spika mbili. Vijana wa kijiji wakahamia barazani kwangu, watoto wa miaka kumi na nne, kumi na tano, wakubwa wao hawajafika kumi na nane, wakawa wananiita bosi. Baba yangu alilima mpunga mpaka mgongo ukapinda na hakuna aliyewahi kumwita bosi. Neno hilo lilinikaa vizuri masikioni, nisikufiche.

Sasa nikueleze jambo la pombe yetu, kwani wewe umekulia mjini. Kimpumu ni pombe ya ulezi. Haimiminwi kwenye glasi. Inakaa ndani ya chungu, nzito, watu wanakizunguka kila mmoja na mrija wake, na kadiri wanavyonyonya ndivyo inavyoongezewa maji ya moto. Kwa mama yangu, na kwa mama yake, maji hayo hakuyagusa mtu mwingine isipokuwa mwenye nyumba. Nikiwa mdogo nilidhani ni heshima tu kwa wageni. Kumbe mwenye nyumba ana kazi. Wenzake wamekaa, yeye amesimama. Anamwona ambaye macho yamelegea, anamwona aliyeanza kutafuta ugomvi, anamwona mtoto aliyejipenyeza kati ya magoti ya wakubwa na mrija wa kuokota. Akitaka watu waondoke hasemi ondokeni, maana huo si ungwana. Anasema, "Moto umezimika." Kila mwenye adabu anachomoa mrija wake, anasema ndaga, yaani asante, anatafuta fimbo yake.

Hayo niliyajua. Niliyaona kwa macho yangu tangu nikiwa natambaa. Ndiyo maana kosa langu sina pa kulificha.

Kati ya watoto wa barazani alikuwemo binti anayeitwa Bupe, wa miaka kumi na mitano. Mama yake alikuwa mfinyanzi, mjane, na ndiye niliyenunua kwake vyungu vingi kuliko kwa mtu yeyote. Umewaona wafinyanzi wetu wakifanya kazi? Hawana mashine. Mkono mmoja ndani ya chungu, mwingine nje, na udongo unapanda katikati. Bupe alianza akiwa na miaka saba, kwa vile wanasema udongo uwahi ungali maji, na huyo mama aliuwahi. Kufikia ile Pasaka mtoto alikuwa amempita. Mama mwenyewe ndiye aliyeniambia, na si mafundi wengi wanaokubali jambo hilo kwa vinywa vyao. Chungu cha Bupe ningeweza kukitambua nimefumba macho: mdomo mwembamba, na ndani kabisa, chini, ameacha alama ya kidole gumba. Sokoni Kyela wateja walikuwa wameanza kuniuliza, "Vya yule binti umeleta?" Alikuwa na wadogo watatu nyuma yake. Mama alikwisha kuwahesabia chakula na shule kwenye mikono ile.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka nilichukua chungu kikubwa cha kimpumu, nikakiweka kwenye kona ya sebule, ninywe na wenzangu Jumatatu jioni. Jumatatu alfajiri nikaletewa habari kwamba mzigo wangu umefika mpakani na usipochukuliwa siku hiyo utapata mwenyewe mwingine. Nikawa nafunga kamba kwenye baiskeli, vijana wakaja. Kiongozi wao alikuwa Ambakisye, mtoto wa shangazi yangu, miaka kumi na saba. Wakati huo sikukuu zilikuwa na disko toto, muziki wa mchana kwa watoto, na kwetu hapakuwa na ukumbi.

"Bosi, tuachie ufunguo. Muziki tu, saa kumi na mbili tumefunga."

Nikautoa. Ambakisye akakielekezea chungu kidevu. "Na hicho?"

"Hicho cha wakubwa," nikasema. Ningeishia hapo, mwanangu, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini walikuwa wananitazama, na mimi nilitaka kuwa bosi mpaka mwisho, nikaongeza huku nacheka, "Ila mkionja, mimi sikuona."

"Kwa hiyo ruksa?"

"Ruksa."

Wakapiga makofi. Bupe alikuwa amesimama kwenye ngazi na gauni lake la sikukuu. Yeye hakupiga makofi. Alisema, "Ndaga, kaka Gwakisa." Yeye peke yake ndiye aliyenishukuru kwa jina langu siku hiyo. Nikapanda baiskeli.

Yaliyotokea nimeyaunganisha kwa kuwauliza mmoja mmoja baadaye. Walionja, kisha wakanywa. Mchana pombe ikawa nzito, mirija inakwama, mmoja akakumbuka kwamba wazee huongeza maji ya moto. Wakabandika debe zima kwenye mafiga nyuma ya nyumba. Kwa akina mama zetu maji huja kwa kata, kidogo kidogo, kutoka mkono mmoja. Watoto wale hawakuwa na mwenye nyumba, na kila mmoja alitaka kuwa yeye. Wakapitisha mti kwenye mshikio wa debe, wavulana wawili wakalibeba mpaka ndani, juu ya sakafu yangu ya nta, nayo imelowa kwa miguu ya watu waliotoka mvuani. Wa mbele akateleza.

Debe likalalia chungu. Chungu kikaanza kwenda. Wote waliruka nyuma, maana mtu akiona maji yanayochemka huruka nyuma, hata mlevi. Bupe aliruka mbele. Mtoto wa mfinyanzi haachi chungu kianguke. Amelelewa hivyo, mikono inakwenda kabla yake. Na alikuwa amekunywa, ile hofu ndogo inayotuokoa ilikuwa imelala. Alikikumbatia kwa mikono miwili, na maji yote yakamshukia mikononi, na hakukiachia upesi.

Chungu hakikuvunjika.

Waswahili wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Wale watoto walificha. Walimpaka dawa ya meno, wakamfunga mikono kwa kitenge changu kipya, wakamlaza kitandani kwangu. Wakatuma salamu kwa mama yake kwamba Bupe atalala kwa rafiki yake. Mama akaridhika, ilikuwa sikukuu. Mimi nilikuwa nimezuiliwa na mvua njiani, nikafika Jumanne mchana. Nikamkuta Ambakisye amekaa ngazini, ufunguo mkononi, macho yamevimba. Alipokwisha kunieleza nikamkamata shati. "Kwa nini hamkumpeleka hospitali?"

Akasema, "Tulikuwa tunakusubiri wewe, bosi. Nyumba ni yako."

Sikuwahi kuitwa bosi tena baada ya hapo, na kama mtu angeniita nadhani ningempiga.

Tulimbeba kwa machela kandokando ya ziwa. Hospitalini walifanya walichoweza kwa mtu aliyechelewa siku nzima. Mama yake alitukuta pale. Hakupiga kelele, hakunitukana, hakunitazama. Alisimama karibu na daktari na alikuwa akiuliza neno moja tu, anarudia, "Na gumba? Gumba je?" Mkono wa kulia vidole vilishikana vyote, na gumba lake pia. Wa kushoto vimebaki viwili vinavyojikunja.

Wiki ile ile nikaitwa kwenye baraza la kijiji. Polisi walikuwa wamekwisha kunihoji, na huko nilijibu kama wakili. Barazani pia nilikwenda nimejiandaa. Nikasema sikuwepo. Nikasema sikumpa mtoto yeyote pombe kwa mkono wangu, wala sikuwasha moto, wala sikubeba debe. Kila neno lilikuwa kweli, mwanangu, na nilikuwa naona aibu kwa kila neno. Aliyeongoza baraza alikuwa Mzee Asajile, mzee mkavu asiyependa maneno. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akauliza, "Gwakisa, kwenu maji ya kimpumu humimina nani?"

"Mwenye nyumba."

"Jumatatu alimimina nani?"

"Watoto," nikasema. Watu kama hamsini walikuwa pale na wote walinisikia.

"Basi," akasema. "Uliondoka ukaacha nafasi yako wazi, watoto wakaingia humo. Usituambie tena kwamba hukuwepo. Hilo ndilo tunalokushtaki."

Nilitozwa ng'ombe, na matibabu nikayabeba, na hayo yalikwisha. Kisichokwisha ni kile alichonifanyia mama yake. Miezi miwili ilipita, akaja nyumbani kwangu mchana, amejitwisha chungu kidogo. Akakishusha mezani kwa uangalifu kama anaweka mtoto aliyelala. Kilikuwa hakijachomwa, udongo mkavu mtupu.

"Hiki alikifinyanga Jumamosi ile," akasema. "Nimepanga vyungu vya kuchoma mara mbili, mara mbili nimekitoa. Siwezi kukitia motoni kitu cha mikono ile. Na kukaa nacho siwezi. Kaa nacho wewe. Usikitie maji, kitarudi kuwa tope."

Akaondoka. Mlango ulipofungwa nikaingiza mkono ndani ya kile chungu, nikapapasa chini, nikalikuta gumba. Nililia siku hiyo mpaka jirani akaja kuuliza nimefiwa na nani. Ile sakafu nyekundu niliichimbua kwa sululu kwa mikono yangu mwenyewe, na redio nikampa mtu wa Ndandalo ambaye hata jina lake silikumbuki. Havikusaidia kitu. Maji yakimwagika hayazoleki. Wengine mnayasema kama methali, mimi nayaona.

Umekuwa ukiniuliza tangu utoto kwa nini kile chungu juu ya kabati langu hakitumiki, na kwa nini mwaka wa mafuriko nilikitoa nje kabla ya magodoro. Ndicho hicho.

Na Bupe unamjua. Ndiye Shangazi Bupe wa sokoni, anayeuza mchele, anayeshika kibaba kwa vidole viwili vya kushoto na kukifuta juu kwa kiwiko. Hakushika udongo tena. Wadogo zake wawili waliacha shule mapema, mmoja akaenda kubeba mizigo mpakani. Ulipokuwa na miaka sita hivi, tukiwa tumesimama kwenye meza yake, ulimuuliza kama watoto mnavyouliza, "Shangazi, mikono yako imefanyaje?" Akakuinamia, akasema, "Uji wa moto, mwanangu, nilipokuwa mdogo kama wewe. Usicheze karibu na jiko." Mimi nilikuwa pale pale. Nilishika mfuko wangu wa mchele, nikakuvuta mkono tukaondoka.

Kumbe ndivyo anavyowajibu wote wasiotoka kijijini kwetu, miaka yote hii. Siku moja nikajikaza nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anapepeta mchele kwa ungo ulioegemea tumboni. Akasema, "Kaka Gwakisa, yuko aliyebandika debe, yuko aliyeteleza, yuko aliyeacha ufunguo. Nikianza kuwataja nitachoka. Uji hauna jina."

Nimezeeka nikiwa huo uji, mwanangu. Leo nimejitaja.

Sasa sikiliza ninalokuomba. Ukijenga nyumba, umejenga na lawama yake. Ndiyo maana wazee husema ukubwa ni jaa, yote hutupwa kwako. Mtoto wa mtu akivuka kizingiti chako yuko mikononi mwako mpaka avuke kurudi, uwe upo, uwe Mbeya, uwe mbinguni. Usimpe mtoto pombe, usiiache mahali atakapoikuta, na usicheke anapoiulizia, kwa sababu kicheko cha mkubwa kwa mtoto ni ruhusa kamili. Serikali nayo ina sheria yake juu ya jambo hili, na mwenye nyumba ndiye wa kwanza kugongewa. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, "sikuona" si jibu. Na ikitokea, Mungu aepushe, mtoto akalewa au akaumia chini ya bati lako, usifiche hata kwa dakika moja. Muite mzazi wake, mpeleke hospitali, aibu utaishughulikia kesho. Siku ile moja waliyonisubiri ndiyo iliyochukua gumba la Bupe.

Simaanishi uwafukuze vijana. Wamemaliza shule, wana haki ya kucheza. Safari ya Mbeya iahirishe, au sherehe iahirishwe, mojawapo. Wape soda, wape pilau, simama mlangoni uwaone nyuso wanapoingia na wanapotoka. Na barabara isipokatika kwa mvua, mimi nitakuja. Nitakaa jikoni kwako na birika la chai, na chai yote nitaimimina mimi, mzee mzima, wacha wanicheke.

Kile chungu nimekuja nacho, kimo humo kwenye kapu, nimekifunga kwa kanga. Kiweke juu ya spika yako mojawapo. Mtu akikuomba ufunguo, ingiza mkono kwanza upapase chini, ndipo umjibu.

Mungu aibariki nyumba yako, mwanangu, na akupe macho ya kuona yale ambayo mimi nilisema sikuyaona. Kila mtoto atakayeingia kwako na vidole kumi, atoke na vidole kumi.